Mboga Zisizopigwa Dawa: Jinsi Nilivyompata Mkulima wa Kumwamini

Nilikulia Mgeta, kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Uluguru, ambako kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo hulimwa kwenye ngazi zilizochongwa ubavuni mwa mlima, kisha hushushwa Morogoro mjini na kupakiwa kwenda Dar es Salaam. Mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya ukoo wa mama, alikuwa na bustani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kabichi za kuuza, kando ya mfereji, na hiyo ilipigwa dawa kila wiki, tena mvua zikizidi ilipigwa mara mbili kwa wiki. Ya pili ilikuwa matuta machache nyuma ya jiko, yenye mnafu, vitunguu, majani ya maboga na kabichi kadhaa zilizotobolewa na viwavi, na humo bomba halikuingia kamwe. Sisi watoto tulikatazwa kuchuma chochote kule mferejini. Mjomba hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za jirani zilikuwa na matuta yao ya nyuma ya jiko.

Nilipohamia Dar es Salaam na kuanza maisha ya ndoa huku Kimara, nilijikuta upande wa pili wa biashara ile, yaani upande wa mtu anayekula mboga za mferejini bila kujua zimepigwa nini na lini. Kwa miaka kadhaa nilinunua gengeni kama kila mtu. Mtoto wetu wa pili alipofikia umri wa kuanza kula mboga za kuponda, nilimwambia mume wangu kwamba natafuta mtu wa kutuletea nyumbani mboga zisizopigwa dawa, kwa sababu sote wawili hurudi kazini giza limeshaingia, na kwenda sokoni alfajiri lilikuwa jambo lisilowezekana kwetu. Nilidhani kazi ingekuwa kupata namba ya simu. Namba zilikuwa tele. Kilichokuwa adimu ni mtu ambaye maneno yake yangeweza kuhakikiwa.

Wauzaji wa mitandaoni wanaoandika kwamba mboga zao ni asilia, hazina kemikali, au zimetoka moja kwa moja shambani ni wengi mno, na wengi wao ni watu waungwana wanaofanya kazi kwa bidii. Lakini wengi wao pia hawalimi. Hununua kwa mkulima fulani, au kwa mtu anayenunua kwa mkulima fulani, na neno asilia hupita kutoka mdomo hadi mdomo bila yeyote kati yao kuona shamba. Nilipomuuliza mmoja wao, kwa upole kabisa, mboga zake zinalimwa wapi, alinijibu Morogoro. Nilipouliza Morogoro ipi, maana mkoa ule una Kilosa, Ifakara, Gairo na Mvomero, na hali ya hewa ya huku si ya kule, alinyamaza, kisha akanitumia picha ya kikapu kilichopangwa vizuri.

Muuzaji mwingine, ambaye kwa muda alituletea mboga nzuri za majani, alituletea pia nyanya katikati ya masika. Zilikuwa nyingi, kubwa, zenye ngozi laini. Niligeuza moja upande wa kikonyo na nikaona, kwenye ule mbonyeo ambao kitambaa cha kufutia hakikufika, unga wa rangi ya kijivu iliyofifia ukiwa umekaukia pale. Niliutambua mara moja, kwa sababu nimeuona utotoni kwenye majani ya viazi kwa mjomba: ni mabaki yanayoachwa na dawa za ukungu za unga, zile zinazochanganywa na maji na kupigwa kwa bomba la mgongoni. Kuyaona mabaki hayo hakumaanishi kwamba nyanya ile ingemdhuru mtoto, kwani mabaki ya juu ya ngozi huweza kuoshwa kwa kiasi kikubwa. Kulimaanisha kwamba niliyoambiwa hayakuwa kweli, na kwamba nilikuwa nalipa bei ya juu kwa ajili ya maneno matupu. Niliacha kununua kwake siku hiyohiyo.

Nyanya inastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayopima ukweli wa muuzaji kuliko zao lolote ninalolijua. Mvua za masika zinapoanza, majani ya nyanya hubaki yamelowa usiku kucha, na ukungu wa bakajani huweza kuangamiza shamba zima kwa muda mfupi sana. Juu ya hilo yupo mdudu ambaye wakulima wetu wanamwita kantangaze, kwa jina la kitaalamu Tuta absoluta, aliyetokea Amerika ya Kusini na kuingia Tanzania karibu na mwaka 2014. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, na baadaye huingia ndani ya tunda, kwa hiyo dawa inayobaki juu ya jani haimfikii, na mkulima hulazimika kutumia dawa zinazopenya, au kuchanganya dawa mbili tatu katika bomba moja kwa matumaini kwamba mojawapo itafanya kazi.

Halafu kuna hesabu ambayo mnunuzi wa mjini haioni. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa kina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, yaani siku zinazopaswa kupita kati ya kupiga dawa na kuvuna. Zinaweza kuwa 3, 7, 14 au zaidi, kutegemea dawa na zao. Nyanya zikishaanza kuiva huchumwa kila baada ya siku chache, pengine mara mbili kwa wiki. Mkulima anayepiga kila wiki dawa yenye siku 7 za kusubiri, na wakati huohuo anachuma mara mbili kwa wiki, hana namna ya kuzitimiza siku hizo hata akitaka. Mchicha nao huwa tayari baada ya wiki 3 au 4 tangu kupandwa, kwa hiyo dawa inayopigwa wiki ya mwisho ili kuokoa majani inamfikia mlaji ikiwa bado mpya. Nilipoielewa hesabu hii vizuri, niliacha kuwauliza wauzaji kama mboga zao zina dawa, kwa sababu jibu la swali hilo ni moja siku zote. Nilianza kuwauliza: mara ya mwisho kupiga ilikuwa lini, mlipiga nini, na mnachuma kila baada ya siku ngapi? Anayelima hujibu bila kufikiri, hata kama jibu lenyewe halipendezi. Asiyelima hubadilisha mazungumzo.

Kuna alama ambazo watu wengi huzitegemea, na nazieleza kwa sababu mimi pia niliambiwa nizitegemee. Ya kwanza ni matundu kwenye majani. Inasemekana mboga yenye matundu haina dawa, kwa kuwa wadudu wamekubali kuila. Ukweli ni kwamba matundu yanaonyesha tu kwamba wakati fulani mdudu alikula. Mkulima mara nyingi hupiga dawa baada ya kuyaona matundu, na jani lililotobolewa wiki iliyopita linaweza kuwa limepigwa jana. Alama ya pili ni udogo, kwamba mboga ndogo zilizosinyaa ndizo za asili, wakati udogo huweza kutokana na udongo uliochoka au maji haba. Mkulima wa kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za viwandani, akiwa na mboji ya kutosha huvuna kabichi kubwa na nzuri.

Kuosha ni jambo jema, ila kuna kikomo chake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani walionyesha kwamba kuloweka tufaha kwa dakika 12 hadi 15 katika maji yenye bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea ambayo wengi tunayo jikoni, kuliondoa mabaki ya juu ya ngozi ya dawa mbili walizozipima vizuri kuliko maji matupu. Lakini sehemu iliyokuwa imeshapenya ndani ya ngozi haikutoka. Kwa hiyo mimi huosha kila mboga, ya kilimo hai na isiyo ya kilimo hai, hasa kwa ajili ya uchafu na vijidudu, na sijidanganyi kwamba beseni la jikoni linaweza kufuta yaliyotendeka shambani.

Hatimaye nilianza kuulizia vyeti. Afrika Mashariki tuna alama yetu ya Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha kilimo hai kilichopitishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hapa Tanzania chombo kinachowaunganisha wadau wa kilimo hicho ni TOAM. Mkulima mdogo wa mboga hawezi kulipa gharama za mkaguzi wa kampuni ya kimataifa, na ndiyo sababu kuna njia nyingine, ya uhakiki shirikishi, ambapo wakulima hujiunga katika kikundi, huweka ahadi ya maandishi, hukaguana mashamba kwa zamu, na anayevunja kanuni hujadiliwa na wenzake na kuwekwa pembeni. Huko Uluguru, shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lenye makao yake Morogoro, limekuwa likiwafundisha wakulima kwa miaka mingi, na vikundi vya aina hiyo vipo.

Kuna watu wanaoudharau utaratibu huu wakisema kwamba majirani watafichiana siri. Mimi ninayejua kijiji cha milimani kilivyo nina maoni tofauti. Mkaguzi kutoka mjini huja mara moja kwa mwaka, tena kwa taarifa, lakini jirani ambaye shamba lake limepakana na lako husikia harufu ya dawa siku ileile uliyoipiga, na kama soko la kikundi kizima linategemea jina moja, ana kila sababu ya kusema. Udhaifu wa cheti uko mahali pengine. Cheti kinahusu shamba fulani na kikundi fulani, hakihusu kila kiroba kinachopita mikononi mwa mwenye picha ya cheti hicho kwenye simu yake. Nilionyeshwa picha ya cheti kilekile na wauzaji wawili wasiojuana. Tangu hapo nimekuwa nikiomba jina la kikundi, kisha namba ya katibu au mwenyekiti, na kumpigia kumuuliza swali moja: je, fulani ananunua kwenu, na wiki hii amechukua nini?

Kwa njia hiyo ya kupiga simu nilifika kwa mama mmoja wa kikundi cha kule kwetu milimani, na nilipokwenda kumsalimu mama yangu likizo, nilipanda hadi shambani kwake. Nilimkuta akikoroga ndoo ya maji yaliyolowekwa majani ya alizeti mwitu, yenye harufu kali ya kuoza, ambayo huyatumia kama mbolea ya maji. Kando ya banda kulikuwa na marundo ya mboji, moja likiwa bado na mabua yanayotambulika, na lingine likiwa limegeuka udongo mweusi unaomomonyoka mkononi. Nilitulia sana mbele ya marundo yale, kwa sababu mboji ni kitu kisichoweza kuandaliwa kwa ajili ya mgeni. Rundo lililoiva limechukua miezi.

Kilichonishughulisha zaidi kilikuwa mpaka wa juu. Shamba la jirani, lililopandwa nyanya, lilikuwa ngazi mbili juu ya shamba lake, na jirani yule hakuwa mwanakikundi. Alipiga dawa kama watu wengine. Mama yule alikuwa ameacha ukanda mpana wa mabingobingo kati yao, na chini ya ukanda huo alichimba mfereji wa kukinga maji ya mvua yapite pembeni yasimwagikie matuta yake. Matuta mawili ya kwanza baada ya mfereji alipanda maua na malisho ya mbuzi, wala hakuyauzia kikundi. Nilimuuliza kama jirani haoni vibaya.

“Mwanangu, huyu ni shemeji yangu,” alinijibu. “Siku ya kupiga ananiambia, na mimi nafunga mbuzi. Yeye ana mkopo wa pembejeo, mimi sina. Tusigombane kwa sababu ya nyanya.”

Halafu alinionyesha daftari. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 96, lenye mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, tuta, kilichofanyika, kilichovunwa. Katika ukurasa mmoja aliandika kwamba vidukari vimeingia kwenye sukuma wiki, akapiga maji ya mwarobaini na sabuni, havikuisha, akang'oa mstari mzima na kuwapa kuku. Mstari mzima wa sukuma wiki ni fedha. Sijawahi kuona muuzaji akiniandikia hasara yake, na nadhani ukurasa ule ulinishawishi kuliko muhuri wowote.

Naomba nieleze hapa jambo ambalo wanunuzi wengi hawalielewi. Kilimo hai hakina maana ya shamba lisilopigwa kitu chochote. Viwango vinaruhusu baadhi ya viuatilifu vya asili, na wakulima hutumia mwarobaini, pilipili, kitunguu saumu, majivu, na sehemu nyingine utupa. Utupa ni mmea uleule uliotumiwa tangu zamani kulevya samaki mtoni, kwa hiyo asiwepo wa kudhani kwamba kila kinachotoka porini ni salama kunywa. Mkulima anayesema hapigi kitu chochote, mwaka mzima, kwenye mazao yote, ananitia mashaka kuliko anayenieleza anapiga nini na kwa nini.

Nilipomwambia mama yule kwamba nataka kikapu kila wiki nyumbani Kimara, chenye nyanya, kabichi, karoti, hoho, mchicha na sukuma wiki, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kuondoa. Nyanya hana hadi masika yaishe. Hoho anapata chache, hawezi kuahidi. Mchicha asingenipa kabisa, kwa sababu ukitoka huko juu hadi Morogoro na kisha zaidi ya kilomita 190 hadi Dar es Salaam, utafika umelala. Alinishauri mboga za majani nitafute kwa mtu wa karibu na mjini. “Ukilazimisha nikupe kila kitu,” alisema, “itabidi nikununulie kwa shemeji.”

Sentensi hiyo ilibadilisha namna ninavyouelewa udanganyifu katika biashara hii. Nilikuwa nikifikiri kwamba mboga zenye dawa huingia kwenye vikapu vya kilimo hai kwa sababu ya tamaa. Mara nyingi, nadhani, huingia kwa sababu ya aibu na hofu: mteja ameshalipia aina 8, shamba lina aina 5, bodaboda anasubiri, na muuzaji anaogopa kumpoteza mteja. Anajaza. Akishajaza mara moja na mteja akasifu, ameshajifunza kwamba inawezekana. Mteja anayedai kikapu kamili mwezi wa Aprili anashiriki kuutengeneza uongo huo, hata kama hajui.

Tulikubaliana basi na mama yule na kikundi chake kwamba kisichokuwepo hakitajazwa. Kikapu kikipungua, kinakuja kikiwa pungufu, na tofauti inahesabiwa wiki inayofuata. Sisi tunalipa mwanzoni mwa mwezi kwa simu, iwe mvua au jua, ili wao wawe na fedha za vibarua wa palizi na za usafiri. Nilitafuta majirani wa kushirikiana nami, kwa kuwa kikapu kimoja hakiwezi kubeba nauli yake. Matenga hufungwa huko juu kwa kamba, kila moja likiwa na kipande cha karatasi chenye jina la mkulima na orodha ya kilichomo, na hayafunguliwi hadi yafike kwetu, maana hatari kubwa ya kubadilishwa mzigo iko katikati ya safari, pale ambapo mzigo unashushwa gari moja na kupandishwa lingine. Yakifika Kimara, bodaboda mmoja tunayemjua huyagawa nyumba hadi nyumba kwa nauli moja tunayochangia.

Kwa mboga za majani nilimpata kijana wa upande wa Kisarawe, anayelima matembele, mchicha, mnafu na chainizi. Kwake nilihangaikia zaidi maji kuliko dawa. Bustani nyingi za mjini hapa humwagiliwa kwa maji ya mito na mifereji inayopita katikati ya makazi na viwanda, bonde la Msimbazi likiwa mfano unaojulikana na kila mtu, na mboga inaweza kuwa haijawahi kuguswa na bomba la dawa na bado isifae kupewa mtoto. Yeye ana kisima, nilikiona. Huchuma alfajiri, hufunika kwa gunia lililoloweshwa maji, na mboga hufika kwetu kabla jua halijakolea. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi walihamia kwenye vifungashio vingine vinavyozuia hewa, na majani huanza kuoza humo kwa joto la Dar es Salaam. Gunia bichi limetufaa kuliko hivyo vyote.

Chainizi yake huja na matundu, wakati mwingine mengi. Majirani wawili walijitoa kwa sababu hiyo. Mmoja alinieleza wazi kwamba wageni wake hawawezi kupewa mboga iliyoliwa na wadudu, nami nilimwelewa, ingawa nilihuzunika. Wengine walijitoa katika masika ya kwanza, vikapu vilipokuja na kabichi, karoti na majani ya maboga wiki baada ya wiki. Jambo hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu kila anayejitoa katikati ya msimu anaacha tuta lililokwisha kupandwa kwa ajili yake, na kabichi za tuta hilo zitapelekwa soko la kawaida. Huko dalali anaangalia weupe na ukubwa tu. Kabichi yenye matundu hushushwa bei au hukataliwa kabisa, hata kama imelimwa kwa uaminifu wote. Mjomba wangu alipiga dawa kwa ajili ya jicho la dalali huyo, na dalali analitazama soko kwa jicho letu sisi tunaonunua. Matuta ya nyuma ya jiko yalikuwa safi kwa sababu waliokuwa wakila humo hawakujali matundu.

Kuhusu bei, sitaficha: tunalipa zaidi ya gengeni, na kuna miezi ambayo ni karibu mara mbili ukijumlisha usafiri. Sidhani kila familia inaweza, wala sidhani inapaswa kuona haya kwa kutoweza. Ndugu na marafiki wanaoniuliza huwashauri wasianze na kila kitu. Matembele, kisamvu, majani ya maboga na mlenda huhimili wadudu vizuri, na kwa kawaida wakulima hawana sababu kubwa ya kuyapiga dawa, kwa hiyo hayo mimi bado nanunua gengeni kwa mama ninayemfahamu, nikiuliza tu maji yametoka wapi. Fedha ya ziada naiweka kwenye nyanya, kabichi, chainizi, hoho na tango, ambako dawa hutumika sana. Aliye na nafasi ya viroba vitano vya udongo barazani anaweza kujilimia mchicha wake na kuondoka kabisa kwenye mashaka ya zao hilo.

Niliwahi kufikiria kupeleka sampuli maabara. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ina makao yake Arusha, na upimaji wa mabaki ya viuatilifu ni kazi ya kitaalamu yenye gharama ambayo kikundi cha majirani hakiwezi kuibeba mara kwa mara. Kipimo kimoja pia kinaeleza habari za kabichi moja ya siku moja. Kwa hiyo tumechagua kutumia fedha hiyo kwa nauli: kila msimu wawili kati yetu hupanda Mgeta, na wanakikundi wametukaribisha kushiriki katika siku yao ya kukaguana. Huko tunatembea nao tuta kwa tuta, tunasoma daftari, tunaangalia mitaroni kama kuna chupa tupu za dawa na tunatazama rangi ya utepe kwenye kibandiko tukizikuta, nyekundu ikiwa ya hatari zaidi na kijani ya chini kabisa. Katika ukaguzi mmoja tulikuta chupa kwenye mpaka wa mwanakikundi. Ilijadiliwa palepale, mbele yetu, na ikabainika ilisombwa na maji kutoka juu. Hata hivyo alitakiwa kupanua ukanda wake wa majani kabla ya msimu uliofuata, naye alifanya hivyo.

Nyanya bado hatupati masika. Mwezi wa Agosti hadi Oktoba zinapokuwa nyingi na bei ikiwa chini, kikundi hutuletea matenga ya ziada, nasi huzikata vipande, huzinyunyizia chumvi kidogo na kuzianika juani chini ya chandarua hadi zikauke kabisa, kisha huzihifadhi kwenye chupa. Zikiisha, maharage huungwa kwa karoti na kitunguu, na mchuzi wa samaki hupata ukali wake kwa ukwaju au ndimu. Watu wapya wanaoomba kujiunga nasi huwatumia kwanza orodha ya vitu ambavyo hawatavipata na miezi ambayo hawatavipata, kisha nawapa namba ya katibu wa kikundi wampigie wenyewe.